SOMO LA MAGARI YA CHAMA: Kanyagio la Mafuta Linaloendeshwa kwa Umeme, Hitilafu Zake na Matengenezo Yake

Zamani gari la chama lilikuwa na waya wa chuma uliotoka kwenye kanyagio la mafuta ukaishia kwenye kabureta, au kwenye pampu ya dizeli ikiwa ni gari la mizigo. Dereva akikanyaga, waya huvutika na injini hupata nguvu. Waya ukikatika, kila mtu huona kuwa umekatika, na hata fundi wa kijijini huweza kuuunga kwa waya wa breki ya baiskeli ili gari lifike mjini. Magari ya namna hiyo bado yapo. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo vyama vingi vinaifahamu, hufuata utaratibu huo huo. Lakini magari mengi ya petroli yanayonunuliwa siku hizi na vyama vya msingi, hasa yale yaliyokwisha kutumika Japani, hayana waya huo. Badala yake mna umeme, na hitilafu ya umeme haionekani kwa macho. Hapo ndipo fedha za wanachama zinapopotea: kifaa kizima hung'olewa, kingine hununuliwa, na baada ya wiki moja gari hurudi gereji na ugonjwa ule ule.

Somo hili halikusudii kumgeuza katibu kuwa fundi. Linakusudia kumwezesha kuyasoma makadirio ya gereji kama anavyosoma hati nyingine yoyote ya malipo, na kuuliza swali linalostahili kabla ya kutia sahihi.

JINSI MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Injini ya petroli hutawaliwa kwa hewa. Mbele ya bomba la kuingizia hewa kuna mlango wenye kisahani cha madini kinachozunguka juu ya mhimili wake; mafundi huuita throto. Kisahani kikifunguka, hewa huingia kwa wingi, kompyuta ya injini huongeza petroli inayolingana na hewa hiyo, na gari huongeza mwendo. Katika gari la zamani kisahani kilivutwa na mguu wa dereva. Katika gari la sasa kisahani huzungushwa na mota ndogo ya umeme, nayo mota hupokea amri kutoka kwa kompyuta. Mguu wa dereva hauamuru tena. Hupeleka ombi tu. Kompyuta hupima ombi hilo pamoja na mambo mengine, kama joto la injini na utelezi wa magurudumu, kisha huamua kisahani kifunguke kiasi gani.

Utaratibu huu si mpya kama watu wengi wanavyodhani. BMW ilikuwa nao katika gari lake kubwa la 750i mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 2000 ukaenea hadi kwenye magari ya kawaida ya Japani. Watengenezaji waliupenda kwa sababu mtambo mmoja ulichukua kazi za vifaa kadhaa: kile cha kurekebisha mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ambao mafundi huuita sailensa, kile cha kushikilia mwendo katika safari ndefu, na kile cha kupunguza nguvu gurudumu linapoteleza.

Jambo la kufahamika vizuri ni kwamba kila kipimo hupimwa mara mbili. Ndani ya kanyagio mna sensa mbili, na kwenye mlango wa hewa mna sensa nyingine mbili. Kila sensa hupeleka kwa kompyuta volti zinazopanda au kushuka kadiri kanyagio au kisahani kinavyosogea. Kompyuta hulinganisha taarifa hizo kama mkaguzi anavyolinganisha daftari la fedha na stakabadhi. Zikipatana, kazi huendelea. Zikitofautiana, kompyuta haijaribu kukisia ipi ni ya kweli. Huwasha taa ya injini na kupunguza nguvu ya gari.

Tena, kisahani kina springi. Mota ikikatiwa umeme, springi hukirudisha kisahani mahali pake pa kupumzikia, na mahali hapo hapajafungwa kabisa. Huachwa uwazi mdogo, kiasi cha digrii chache, ili injini iendelee kunguruma na gari lisogee polepole hadi mahali pa usalama. Madereva husema gari "limekufa nguvu". Kwa kweli halijafa. Limeingia katika hali ya kujilinda, nalo hujikongoja kwa makusudi. Dereva anayezidi kulikanyaga kwa hasira hapati chochote, kwa maana kompyuta imekwisha kuacha kuusikiliza mguu wake.

DALILI, NA JINSI ZINAVYODANGANYA

Dalili za kawaida ni hizi: taa ya injini kuwaka, gari kukataa kupita mwendo mdogo, sailensa kupanda na kushuka au injini kuzimika kwenye njia panda, na kuchelewa kuitika mguu unapokanyaga. Tatizo ni kwamba dalili hizo hizo hutokana na mambo mengine mengi: chujio la hewa lililojaa vumbi, pampu ya petroli iliyochoka, plagi zilizokwisha, au mpira wa bomba la hewa uliopasuka baada ya throto. Hata swichi ya taa za breki, kifaa cha bei ndogo, huweza kuyapunguzia nguvu baadhi ya magari, kwa sababu kompyuta ikiambiwa kwamba breki imekanyagwa wakati uo huo mafuta yanaombwa, huamini breki. Kwa hiyo fundi anayetaja throto kabla hajafungua boneti anapiga ramli.

Kwanza dereva aulizwe, na majibu yake yaandikwe. Je, hitilafu huja gari likiwa baridi au moto? Huja barabara mbovu inapotikisa gari? Ilianza baada ya mvua, baada ya kuosha injini kwa maji ya pampu, au baada ya kubadilisha betri? Majibu hayo yana thamani kubwa kuliko vyama vingi vinavyodhani. Hitilafu inayokuja na mtikisiko aghalabu ni ya waya au plagi ya umeme. Inayokuja baada ya kuosha injini ni ya maji yaliyoingia kwenye plagi, na desturi ya kuosha injini kila mwisho wa wiki ili gari la chama lipendeze yafaa iachwe kabisa. Gari linalolazwa ndani ya ghala la mazao lina adui mwingine, yaani panya, ambaye hutafuna nyaya kama anavyotafuna magunia.

NAMBA ZA KOMPYUTA NA MAANA YAKE

Chini ya dashibodi, upande wa dereva, magari mengi yana soketi yenye nafasi 16 za pini. Fundi huchomeka mashine ndogo ya kusomea, na kompyuta humpa namba ya hitilafu aliyoihifadhi. Betri isiondolewe kabla ya kusoma namba hizo, kwa kuwa kuiondoa huweza kufuta kumbukumbu, na pamoja nayo hufutika taarifa ya hali ya injini ilivyokuwa wakati hitilafu ilipotokea.

Namba zinazohusu somo hili si nyingi, na katibu anaweza kuziandika nyuma ya daftari la gari. Namba P2135 maana yake sensa mbili za mlango wa hewa hazipatani. Namba P2138 maana yake sensa mbili za kanyagio hazipatani. Zinazoanzia P2120 hadi P2128 kwa kawaida ni za sensa za kanyagio, mojawapo ikitoa volti ndogo mno au kubwa mno. Zinazoanzia P0120 hadi P0123 na P0220 hadi P0223 aghalabu ni za sensa za mlango wa hewa. P2101 na P2118 zinahusu mota na umeme wake. P2111 husema kisahani kimekwama wazi, P2112 husema kimekwama kikiwa kimefungwa, na P2119 husema kisahani hakifiki pale kilipoamriwa. Zaidi ya hayo fundi afuate kitabu cha gari husika.

Namba haisemi kifaa gani kimekufa. Husema tu ni njia ipi ya umeme yenye taarifa mbaya. Njia hiyo ina sensa, ina plagi mbili, ina nyaya, ina waya wa ethi, na mwisho ina kompyuta yenyewe. Sensa ni sehemu moja tu kati ya hizo.

Chukua mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye gari moja dogo la mizigo. Katikati ya msimu gari hilo linakataa kupanda mlima likiwa na magunia. Likizimwa na kuwashwa tena hukaa vizuri nusu siku, kisha hurudia. Wakati huo kahawa ya wanachama iko vijijini, na kila siku inayopita chama hukodi gari la mtu binafsi. Gereji inaleta makadirio ya shilingi 850,000 kwa mlango wa hewa mzima pamoja na mota yake. Kamati ina haraka, na haraka yake inaeleweka. Lakini mstari mmoja wa makadirio hayo unasema mashine ilionyesha P2138. Katibu aliyeziandika namba daftarini ataona mara moja kwamba hati hiyo inajipinga yenyewe: namba ni ya kanyagio lililo miguuni pa dereva, na kifaa kinachotakiwa kununuliwa kiko kwenye injini. Hata throto mpya kutoka kiwandani isingeondoa hitilafu hiyo. Fundi akiambiwa aanze na plagi ya kanyagio, huenda akakuta pini moja imelegea na kuota kutu ya kijani kwa sababu ya matope na maji yanayoingia na viatu vya dereva. Kuisafisha na kuibana ni kazi ya saa moja.

VIPIMO

Baada ya namba kusomwa, fundi huanza na mambo mepesi. Betri ipimwe, kwa maana betri dhaifu huzusha namba za uongo. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima hutoa volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma ni kiasi cha 13.5 hadi 14.5. Fyuzi ya mota ya throto itazamwe. Katika magari ya Toyota huwa imeandikwa ETCS kwenye sanduku la fyuzi. Nyaya za ethi zikazwe. Plagi za kanyagio na za throto zichomolewe, zitazamwe kama zina kutu, maji au pini iliyorudi nyuma. Kisha nyaya zitikiswe kwa mkono huku mashine ikionyesha volti. Namba zikiruka ruka, ugonjwa umepatikana.

Kisha huja kipimo cha kanyagio, swichi ikiwa imewashwa na injini ikiwa haijawashwa. Sensa hupewa volti 5 na kompyuta. Katika magari mengi ya Toyota, kanyagio likiwa halijaguswa sensa ya kwanza hutoa kiasi cha volti 0.8 na ya pili kiasi cha volti 1.6, kanyagio likishushwa polepole, zote mbili hupanda pamoja bila kuruka, na tofauti kati yao hubaki karibu ile ile. Katika magari mengine sensa ya pili hutoa nusu ya ile ya kwanza. Kwenye mlango wa hewa, Toyota huzipandisha zote mbili kwa pamoja, ilhali watengenezaji wengine huifanya moja ipande na nyingine ishuke, jumla yao ikibaki volti 5. Kwa sababu hiyo fundi asilaumu sensa kwa kuwa tu volti zake hazifanani na za gari alilolitengeneza jana. Kinachotafutwa ni mwendo laini. Sensa iliyochoka huonyesha pengo: volti hupanda, hupotea ghafla, kisha huonekana tena.

Ikiwa sensa za throto ni nzima na kisahani hata hivyo hakifiki kinapoamriwa, mota ndiyo inayochunguzwa, lakini kwanza kisahani chenyewe kitazamwe. Mara nyingi sababu ni uchafu tu.

KUSAFISHA MLANGO WA HEWA

Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini huchanganyika na vumbi, ukaganda kuzunguka ukingo wa kisahani kama masizi ya chungu. Uwazi mdogo unaopitisha hewa ya sailensa huziba, na kompyuta hulazimika kufungua kisahani zaidi na zaidi ili injini isizimike. Mwishowe hufikia kikomo chake. Gari linalopita barabara za vumbi na lenye chujio la hewa lisilobadilishwa kwa wakati hufika hapo mapema.

Kazi ya kusafisha si ngumu, lakini inaharibiwa na mafundi wengi. Swichi izimwe na ufunguo utolewe. Bomba la hewa lifunguliwe, na dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya throto inyunyiziwe kwenye kitambaa safi, ndipo ukingo wa kisahani na ukuta wake vipanguswe. Dawa isimiminwe ndani hadi ikaingia kwenye mhimili na sensa. Msasa na bisibisi havina kazi hapo. Baadhi ya visahani vimepakwa tabaka jembamba la kuzuia uchafu, na tabaka hilo likikwanguliwa halirudi. Kidole kisiingizwe kamwe swichi ikiwa imewashwa, kwa sababu mota huweza kukifunga kisahani kwa ghafla na kumkata mtu.

Baada ya kusafisha, mara nyingi sailensa hupanda juu sana, na dereva hulalamika kwamba fundi ameharibu gari. Fundi hajaliharibu; hajamaliza kazi. Kompyuta ilikuwa imezoea mlango mchafu, nayo bado hufungua kisahani kwa kiasi kile cha zamani. Yabidi ifundishwe upya. Katika magari mengi ya Toyota waya hasi wa betri hutolewa kwa dakika moja au zaidi, kisha injini huwashwa na kuachwa ingurume bila kukanyaga mafuta mpaka ipate joto. Nissan wana utaratibu wao: kwanza mahali pa kanyagio lisilokanyagwa, kisha mahali pa kisahani kilichofungwa, kisha kiasi cha hewa ya sailensa, kila hatua ikiwa na sekunde zake za kuwasha na kuzima swichi. Fundi asiye na mashine ya kufanya hivyo aseme tangu mwanzo. Kifaa kipya nacho hufundishwa vivyo hivyo, na throto nyingi zilizorudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu hazikuwa na ubovu wowote.

USALAMA WA DEREVA

Wapo wanaouogopa mtambo huu kwa kusikia habari za magari yaliyokimbia yenyewe. Habari hizo zina chanzo. Mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Toyota iliyaita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa, hasa Marekani. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili, na zote si za umeme: kapeti la sakafuni lililosogea likalinasa kanyagio, na makanyagio yaliyokuwa yakikwama kurudi juu. Serikali ya Marekani iliwapa wahandisi wa NASA kazi ya kuuchunguza umeme wa magari hayo, na taarifa yao ya Februari 2011 ikasema hawakupata hitilafu ya umeme iliyoweza kufungua mlango wa hewa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo walikuta, katika sensa ya kanyagio moja lililoharibika, nyuzi ndogo mno za bati zilizoota na kugusanisha njia za umeme. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama huko Oklahoma liliamua dhidi ya Toyota katika kesi ya ajali moja, baada ya kusikia ushahidi kuhusu programu ya kompyuta ya gari. Mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa sababu ya kuwapotosha wateja juu ya matatizo hayo. Ubishi juu ya umeme haukwisha kwa watu wote, lakini juu ya kapeti hakuna ubishi.

Katika gari la chama jambo la kapeti ni la kila siku. Madereva huweka kapeti juu ya kapeti, hutandika maboksi wakati wa mvua, na huacha chupa ya maji itembee sakafuni. Vyote hivyo viondolewe, na kapeti libaki moja lililofungwa kwenye vishikizo vyake.

Ikitokea injini inavuma na hairudi, dereva akanyage breki kwa nguvu mara moja na asiachie. Kukanyaga na kuachia mara kwa mara ni hatari, kwa kuwa mlango wa hewa ukiwa wazi, nguvu inayoisaidia breki huisha upesi na haijazwi tena. Gia iwekwe huru. Injini itavuma sana, na ivume. Kuharibika kwa injini ni hasara ndogo. Gari likisimama, ndipo injini izimwe. Ufunguo usirudishwe hadi mwisho gari likiwa linakwenda, kwa maana usukani hujifunga. Magari ya kitufe huhitaji kitufe kishikiliwe kwa sekunde kadhaa, na dereva ajizoeze jambo hilo gari likiwa limesimama uwanjani, siyo siku ya kwanza ya hatari.

HATI ZA OFISINI

Fomu ya kazi ya gereji ionyeshe namba zilizosomwa kabla ya kazi, volti zilizopimwa, kifaa kilichobadilishwa na namba yake ya kiwandani, na namba zilizosomwa baada ya gari kujaribiwa barabarani likiwa na mzigo. Kifaa cha zamani kirudishwe ofisini na kuwekewa lebo ya tarehe. Fundi mwaminifu hachukizwi na masharti hayo; yanamlinda yeye pia, kwa sababu hitilafu ikirudi kuna maandishi ya kuanzia. Kifaa kilichotumika, kinachouzwa kwa bei nafuu, kinaweza kununuliwa kama namba yake ya kiwandani ni ile ile na muuzaji amekubali kwa maandishi kukirudisha kisipofaa. Pasipo mambo hayo mawili, unafuu huo ni wa kwenye karatasi tu.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi cha masomo:

Gari la chama chenu lina waya wa mafuta au halina, na nani alilithibitisha jambo hilo kwa kutazama? Makadirio ya gereji yaliyolipwa katika mwaka uliopita yana namba za kompyuta au yana jina la kifaa na bei tu? Ikiwa mashine inaonyesha P2135 na fundi anataka kubadilisha kanyagio, katibu amwulize nini?